Mpishi Hana Mstari Hata Mmoja

Jumanne, 3 Septemba

Mdogo wangu Kasuku,

Natumaini ulifika shuleni salama. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu siiwezi. Kila anayepiga analia, nami naishia kumbembeleza yeye.

Bado sijaelewa. Si kwamba nakataa, ni kwamba kichwa hakijapokea. Asubuhi ile Fundi alikunywa chai, akalalamika kwamba nimezidisha sukari, akaimaliza yote na kuulizia nyingine. Akatoka barazani kwenye meza yake ya viatu. Nilimsikia akigonga misumari, kisha sikumsikia tena. Nikadhani umemponyoka mmoja anautafuta chini, unajua alivyokuwa na misumari yake, haachi hata mmoja upotee. Nikaendelea kufua. Kasuku, mimi nilikuwa nafua! Nilisuuza mashuka mawili na huku mume wangu yuko chini ya meza.

Jana, watu walipotawanyika, mama mkwe alinilazimisha nile. Nikakaa mahali pangu pale mezani, nikasogea kushoto kumpisha kiwiko. Miaka yote mimi na Fundi tumegongana viwiko kwa sababu yeye hushika kijiko kwa mkono wa kushoto na mimi kwa wa kulia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria kubadilisha kiti. Nilisogea, kisha nikaona ninampisha nani.

Sasa, lile tulilozungumza tulipotoka makaburini. Wazee wa pande zote mbili wamekubaliana, na mimi nimekubali: mwanangu Mkaguzi asiambiwe mpaka amalize mtihani wa mwisho. Unajua Fundi alivyoupigia hesabu mtihani huo. Mtoto akisikia sasa, kalamu haitashikika. Wewe ni mjomba wake na ndiye mwalimu wake, uko naye kila siku, ndiyo maana nakubebesha wewe. Usoni pako asione kitu. Uliitwa Kasuku kwa sababu uliweza kumuiga kila mtu nyumbani mpaka baba akakukimbiza na kandambili. Basi niigie mtu asiye na habari.

Viatu vya shule vya Mkaguzi viko hapa. Fundi alikuwa ameshavitia soli mpya, akabakiza kamba tu. Nitavituma.

Dada yako


Jumapili, 8 Septemba

Dada yangu,

Pole tena. Najua neno lenyewe limechakaa, lakini sina jingine.

Nilipofika getini, wa kwanza kukutana naye alikuwa yeye. Nilikuwa nimeaga kwamba naenda semina. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, kama afisa wa afya aliyeingia jikoni mwa hoteli. Shemeji hakukosea kumpa jina lile.

"Mjomba, semina gani hiyo umerudi macho mekundu?"

"Vumbi la njiani."

"Ulikaa dirishani?"

"Nilikaa dirishani."

"Na kola ya shati imechafuka nyuma tu. Ulilala chini kwenye hiyo semina?"

Nikacheka. Dada, nilicheka kicheko ambacho ningemwona mwanafunzi akicheka jukwaani ningemtoa. Nimefundisha kuigiza miaka mingi, na siku nilipohitajika kuigiza mbele ya mtu mmoja, nimevurunda.

Kuna jambo jingine linaloninyima raha. Tamthilia ya mtihani mwaka huu ni ile ya kale, ya mfalme anayefia hemani katikati ya vita. Malkia na washauri wa mfalme wanaificha habari ili jeshi lisikimbie. Kila siku mpishi anapeleka chakula hemani na kutoka na sahani tupu, askari wanaona, wanasema mfalme yupo, anakula. Binti wa mfalme yuko mstari wa mbele anapigana na hajui. Nilimwomba mkuu wa shule nianze na kitabu kingine. Akasema, "Mwalimu, vitabu si nguo, huwezi kubadilisha kwa sababu leo kuna joto." Sikuweza kumweleza.

Unajua siwafundishi watoto kwa kuwasomea huku wanasinzia. Tunasukuma madawati ukutani, tunaicheza. Kuna zoezi wanalolipenda kuliko yote, tunaliita kiti cha maswali. Mwanafunzi mmoja anakaa katikati akiwa ndiye mhusika, wenzake wanamzunguka na kumuuliza lolote, naye anajibu kama mhusika, hata yale ambayo kitabu hakikuyaandika. Sheria ni kwamba anayekaa pale hakaripiwi kwa alichosema.

Darasa zima lilitaka Mkaguzi awe binti wa mfalme, ana sauti. Nikakataa. Nimempa nafasi ya mpishi. Mpishi hana mstari hata mmoja katika kitabu kizima, anaingia na sahani, anatoka na sahani. Nimeona hapo ndipo salama.

Dada, nakuomba uniruhusu nimwambie. Ananiulizia baba yake kila tukionana. Nasema ana kazi nyingi. Na barua yako yote nimeisoma mara mbili, hata wewe hukuliandika neno lenyewe la kilichompata Shemeji.

Mdogo wako


Ijumaa, 13 Septemba

Kasuku,

Hapana.

Usiniombe tena. Neno lenyewe silihitaji, kila aliyekuja hapa ameniletea la kwake. Na wewe usianze kunifundisha mimi kama wanafunzi wako.

Leo nimempa kondakta wa basi la shule yenu boksi la Mkaguzi, atalishusha getini. Kuna sabuni, daftari, na vile viatu. Nilivipiga rangi mwenyewe mpaka nikajiona usoni. Kamba nilipata mpya kwenye kopo lake, nikazitia na kuzifunga vizuri, asiseme vimetoka kwa fundi bila kumalizika. Fundi alikuwa na aibu sana na kazi isiyomalizika. Nimeweka na kikaratasi, nimeandika: Baba anakusalimu, anasema uvae vikiwa vikavu.

Hiyo ya kuvaa vikiwa vikavu si uongo. Alikuwa anaisema kila mara, huku misumari imejaa mdomoni, unasikia tu "vaa vikavu, vaa vikavu" kama mtu anayezungumza na mdomo umejaa mahindi. Nilikuwa nikimwambia siku moja utaumeza. Hakuumeza hata mmoja.

Miwani yake bado iko mezani, ile iliyofungwa uzi. Nimeifunika kwa kitambaa isiingie vumbi. Sijui naifunika ya nini.

Mtihani umekaribia. Vumilia, nami navumilia.

Dada yako


Alhamisi, 19 Septemba

Dada,

Naandika haraka, utanisamehe kwa mwandiko. Anajua.

Sikumwambia. Naapa kwa mama yetu, sikumwambia. Ngoja nikueleze kama ilivyokuwa.

Leo ilikuwa zamu ya kiti cha maswali. Walikaa washauri wawili, akakaa jemadari, mambo yakaenda vizuri. Muda ukabaki. Kuna msichana tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, akapaza sauti: "Mwalimu, na mpishi je? Na yeye si mtu?" Darasa likashangilia. Kabla sijafungua mdomo, Mkaguzi alikuwa ameshakaa, amepakata sahani.

Redio akaanza. "Mpishi, chakula cha mfalme kilikuwa kinaliwa na nani?"

"Na mimi. Ulitaka nikimwage?"

Walicheka mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Na mimi nilicheka, Dada. Nikajisemea, afadhali, tumepita.

Mwingine akauliza, "Nani alikwambia kwamba mfalme amekufa?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Uongo! Wewe ndiye unayeingia hemani."

"Naingia, kuna pazia. Nakabidhi sahani, narudishiwa na chakula chake. Kila nikiuliza mfalme hajambo, naambiwa hajambo, ana kazi nyingi."

Hayo ni maneno yangu. Ni maneno yangu mimi, kama ninavyomwambia kila akimuulizia baba yake. Nilitaka kusema basi, inatosha, lakini sheria ya kile kiti niliitunga mimi mwenyewe, na watoto wote walikuwa wanamtazama yeye.

Redio akasema, taratibu, hata yeye sauti yake ilikuwa imeshuka: "Sasa mbona hukusema kwamba unajua?"

"Malkia amejitahidi sana. Nikisema najua, ataona kazi yake yote imeharibika."

"Kwa hiyo unafanya nini?"

"Napeleka sahani. Nasubiri kuambiwa. Sasa hivi nikilia, watu wataniuliza unalia nini. Niseme nini? Mfalme hajambo."

Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini ulijuaje?" Akasema, "Kwa viatu." Kengele ikalia. Akasimama, akaweka sahani juu ya meza yangu, akasema, "Asante, Mwalimu," akatoka na wenzake. Hakunitazama.

Nimeganda hapa darasani, madawati bado yako ukutani. Kitabuni hakuna viatu, Dada. Nimekifungua tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kiatu hata kimoja.

Niambie nifanye nini.

Kasuku


Jumatatu, 23 Septemba

Wewe,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, na bado siamini ulichonifanyia.

Usiniletee habari za viatu na masahani. Umemwambia wewe. Kama si kwa mdomo, basi kwa macho yako mekundu na semina zako. Nani mwingine? Hapa hakuna mtu aliyemwandikia. Nilikukabidhi jambo moja, moja tu, ukaenda kumweka mtoto wa Fundi kwenye kiti mbele ya watu acheze msiba wa baba yake, darasa zima linacheka!

Nimepiga kelele peke yangu humu ndani mpaka jirani akaja na ufunguo.

Sijui kama nitakuandikia tena.

Dada yako, kwa sababu sina la kufanya kuhusu hilo


Jumanne, 24 Septemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo kiasi. Mjomba alitaka kuniita ofisini tangu Ijumaa, anafika mlangoni mwa bweni, anamwita matroni, kisha anamwambia basi, hakuna neno, anageuka. Jana nimemfuata mwenyewe. Nikamwambia, "Mjomba, najua." Akakaa chini kwenye ngazi na suruali yake ya kazini. Tulikaa pale mpaka wafagiaji wakatuambia tunawazuia.

Mama, Mjomba hakuniambia chochote. Usimgombeze. Ni mwalimu wa kuigiza lakini kuigiza kwenyewe hajui. Alianza kupita nyuma ya maktaba ili tusikutane, na huko nyuma ya maktaba kuna majaa tu, nani anapita huko na viatu vyeupe?

Hata hivyo hilo halikunifanya nijue. Nilidhani wamemkosea mshahara.

Nilijua boksi lilipofika. Nilifurahi sana Mama, viatu vilikuwa vinang'aa, soli ni ya Baba, naijua, anapiga msumari wa mwisho kwa kuulaza. Nikavipakata nivivae. Ndipo nikaona kamba. Baba akitia kamba, ya kushoto ndiyo hupita juu ya ile ya kulia, kuanzia tundu la chini mpaka la juu. Kila kiatu, tangu nikiwa wa chekechea. Nilikuwa namtania kwamba amezifunga kinyumenyume, ananiambia dunia yenu ndiyo iko kinyume. Hizi zilikuwa za kulia juu. Na fundo lilikuwa lako, lile unalofunga kwenye vifurushi vya nguo, lisilofunguka bila meno.

Nikajiambia labda mkono unamuuma. Nikajiambia labda ana haraka. Lakini Mama, Baba hampi mtu kiatu chake amalizie. Siku ile alipokuwa na homa kali alikutuma umpelekee kiatu kitandani. Angeacha vipi changu? Nilikaa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi mpaka wenzangu wakatoka kwenda kula. Sikulia. Nilikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi, ambaye bado anavuta pumzi tu.

Kisha nikasoma kile kikaratasi. Baba anakusalimu.

Nimenyamaza kwa sababu niliona umevipiga rangi mpaka kwenye mshono. Ulitaka nifanye mtihani, na mimi nautaka. Lakini kile kiti kilinishinda. Sikupanga. Nilikaa kama mpishi, na mpishi akaanza kusema.

Mama, nakuomba vitu viwili. Usiniandikie tena kwamba Baba ananisalimu. Na uje. Sitaki kuambiwa na Mjomba, wala na mkuu wa shule, wala kwa barua. Wewe ndiye uniambie. Nikishaambiwa nitalia, nikishalia nitasoma. Sasa hivi siwezi yote mawili.

Mwanao,
Mkaguzi


Ijumaa, 27 Septemba

Mwanangu,

Nakuja kesho kwa basi la kwanza, barua hii nampa kondakta aifikishe leo. Mwambie mjomba wako atafute chumba cha kuzungumzia.

Mama


Jumatano, 2 Oktoba

Mdogo wangu Kasuku,

Nimefika nyumbani salama. Jumamosi niliondoka kabla hatujazungumza vizuri, na nilikuwa na la kukuambia: yale niliyokuandikia ile Jumatatu yachome. Nilikulaumu wewe kwa kazi ya mikono yangu. Zile kamba nilizitia kwa upendo, nikavuta kila tundu likae sawa, na kwa kila tundu nilikuwa namwambia mtoto jambo lile lile nililokukataza wewe.

Uliposukuma madawati na kuweka kile kiti katikati, nilitaka kukuambia ukiondoe, mimi si mwanafunzi. Kisha ukatoka. Ukajifanya umekwenda, lakini nilikuwa naviona viatu vyako chini ya mlango, hiki kinapanda juu ya kile, kile kinapanda juu ya hiki. Tangu utotoni ukitaka kulia unakanyaga vidole vyako.

Mkaguzi alinikalisha pale kwenye kiti. Yeye akakaa sakafuni mbele yangu, akakunja miguu. Nilikuwa nimeandaa maneno ndani ya basi, mengi, ya mpango wa Mungu, ya kazi ya baba yake kukamilika. Hakuyasubiri. Akaniuliza kama mtu asiye na habari yoyote, kwa ile sauti yake ya likizo:

"Mama, Baba hajambo?"

Na mdomo wangu ukafunguka kusema hajambo. Ndivyo ulivyozoea. Nikauona uongo unakuja, nikauzuia. Nikasema:

"Baba yako amekufa."

Kasuku, mimi ndiye niliyeshtuka. Yeye alikuwa anajua. Mimi niliisikia ile sauti ikitoka, nikageuka kutafuta nani amesema. Wote mlikuja kwangu na pole, na Mungu ametoa, na mwenzetu ametangulia, nikawa naitikia, nawapa viti, nawagawia chai. Hata pale makaburini nilikuwa nahesabu masufuria ya kurudisha kwa majirani. Hilo neno hakuna aliyeniambia, na mimi sikuwahi kujiambia. Nilianguka kutoka kwenye kile kiti kama Fundi alivyoanguka kutoka kwenye chake. Yeye ndiye aliyenidaka. Nilikuja kumwambia mtoto habari, mtoto akanishika kichwa nilipoambiwa.

Ulisikia vile vilio. Najua ulisikia, maana viatu vyako viliondoka mlangoni vikikimbia.

Alilia sana, Kasuku, kama nilivyoogopa. Kisha akapiga kamasi kwenye kanga yangu, akakaa vizuri, akavua viatu akaviweka katikati yetu. Lile fundo langu alilifungua kwa meno. Akasema, "Mama, tazama, nikufundishe." Kamba ya kushoto juu. Mkono wangu hautaki, unakwenda kulia wenyewe, nikawa nakosea, ananipiga kofi dogo la kidole kama baba yake. "Unaharibu kazi ya watu, mama huyu," akasema. Hapo ndipo nilipocheka mara ya kwanza, na nikaona haya kwa kucheka.

Kaburi atalitembelea mtihani ukiisha. Ameamua mwenyewe. Amesema anataka kwenda akiwa hana haraka.

Ananiambia mmempa mpishi mstari mmoja pale mwishoni mwa mchezo wenu. Nilimuuliza ni upi, akasema nije nione. Nitakuja. Uniwekee nafasi upande wa kushoto wa benchi, nimezoea kukaa huko.

Jumatatu ataingia kwenye mtihani amevaa vile viatu. Kimoja amefunga yeye, kimoja nimefunga mimi. Changu kimelegea kidogo, nilitaka kukirudia akakataa, amesema atatembea polepole. Akipita mbele yako mlangoni, angalia chini. Usimwambie kitu. Angalia tu, kisha uniandikie kama kimefika.

Dada yako